Siku Niliyopiga Ngoma ya Papa Ramazani

Nyumba yangu hapa Gisenyi iko juu kidogo ya mji, karibu na kona ambapo barabara ya Kigali inamaliza kuteremka. Malori yanayokwenda mpakani hupita hapo yakiwa yamebana breki tangu mlimani, na upepo ukitoka upande huo huniletea harufu yake hadi barazani: harufu ya chuma cha moto na kitu kama nywele zilizoungua. Wajukuu wangu huziba pua na kucheka. Mimi huingia ndani. Mke wangu anajua kwamba nikiingia ndani hivyo nisiulizwe kitu mpaka chai iletwe, lakini sababu haijui. Nitawaeleza ninyi kwanza, kwa sababu kumweleza mtu huku ananitazama usoni bado sijaweza.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alizaliwa Mudende, kwa wafugaji, na sidhani kama aliwahi kuamini kabisa kwamba lori si ng'ombe. Lori lake lilikuwa la kahawia, kwa hiyo alilipa jina la Bihogo, kama kwetu wanavyowaita ng'ombe wa rangi hiyo. Asubuhi kabla ya kuliwasha alilipapasa ubavuni. Likigoma kwenye mlima hakulitukana kama wenzake. Alilibembeleza kwa Kinyarwanda, akalisifu pembe zake na uzao wake, na mara nyingi lilipanda.

Kila likizo kubwa nilisafiri naye. Tulipakia viazi, tukavuka kuingia Goma, tukafuata ufuko wa ziwa upande wa Kongo hadi Bukavu. Siku ya pili tuliteremka hadi bonde la Ruzizi na kufika Uvira, ambako tulipakia chumvi na ndagala, yaani dagaa, kavu. Barabara yote ilikuwa ya udongo. Ukimenya ndizi ulikula na vumbi, na jioni ukipenga kamasi ilitoka nyekundu. Kiswahili changu nilikianza huko, kwa wachuuzi na madereva. Kilinyooshwa baadaye Tanzania, nilikofanya kazi ya ukarani miaka mingi kabla ya kurudi.

Kati ya Bukavu na bonde kulikuwa na kipande cha barabara ambacho madereva walikiita Ngazi. Kilichongwa kwenye ubavu wa mlima, upande mmoja mwamba, upande wa pili hewa tupu, na upana wake ulitosha gari moja tu. Kwa hiyo magari yalipita kwa zamu. Asubuhi yaliteremka yaliyotoka Bukavu, mchana yakapanda yaliyotoka Uvira. Juu kulikuwa na kizuizi na mlinzi wake, na chini vivyo hivyo. Gari la mwisho katika msafara wa kuteremka lilikabidhiwa fimbo nyekundu, ndefu kama mkono wa mtu mzima. Fimbo ilipofika chini, mlinzi alijua kwamba mlimani hakuna tena mtu. Ndipo alipopiga ngoma kuwaita madereva waliokuwa wakila vibandani, akainua mti wa kizuizi, nao wakaanza kupanda. Bila fimbo, mti haukuinuliwa hata kama angekuja nani.

Mlinzi wa chini aliitwa Papa Ramazani. Alikuwa mwembamba, na alivaa kofia ya kazi aliyoivua kila aliposalimia mtu, hata mtoto. Alikuwa na desturi moja iliyotutia wazimu sisi watoto wa barabarani: kama fimbo ililetwa na gari lenye mtoto, mtoto huyo ndiye aliyepiga ngoma. Nilikuwa na miaka kumi, nimepita Ngazi zaidi ya mara sita, na sijawahi kuipiga. Baba hakupenda kuwa wa mwisho. Alisema vumbi la msafara mzima linamziba Bihogo pua.

Siku ninayoisema, wa mwisho walikuwa mwalimu mmoja wa Bukavu, mkewe, na binti yao Yvette wa rika langu, katika kigari kidogo cheupe. Sisi tulikuwa mbele yao. Katikati ya mlima palikuwa na chemchemi ambapo magari yalisimama kupoza breki, zikinuka chuma cha moto, na kunywesha injini. Yvette alishuka na fimbo mkononi, akaizungusha mbele yangu kama kiongozi wa bendi.

"Leo ngoma ni ya mimi," akasema. "We utabaki na viazi yako."

"Hujui hata kupiga."

"Mutoto ya viazi! Angalia, iko na udongo mpaka ku masikio!"

Mama yake alicheka ndani ya gari, bila ubaya wowote. Masikio yangu yaliwaka. Kigari chao kilikuwa kinatoa mvuke mbele, na mwalimu, akiupapasa mfuniko wa injini, alimwambia baba, "Shoferi, tangulia tu. Huyu bibi yangu atapoa kwanza." Baba akacheka, akapanda lori. Yvette aliegemeza fimbo kwenye jiwe, akainama kunawa uso.

Nilikwisha kumwomba baba niketi nyuma, juu ya magunia. Nikaichukua fimbo. Sikufikiri chochote, mkono ulikwenda tu. Nikapanda, nikalala kifudifudi juu ya viazi, fimbo imebanwa kati ya kifua na gunia, na Bihogo akaanza kushuka. Nilihesabu kwamba watatufuata baada ya muda mfupi tu. Mahesabu ya mtoto wa miaka kumi.

Chini, baba alikwenda ofisini kugongesha mihuri karatasi zake. Nikateremka nikakimbia hadi kwa Papa Ramazani na kumnyooshea fimbo kwa mikono miwili. Alivua kofia.

"Karibu, chef, mukubwa yangu! Leo ni wewe? Nyuma yenu iko mutu?"

Aliniuliza. Nataka mlisikie hilo vizuri, kwa sababu baadaye ilisemwa kwamba hakuuliza. Aliniuliza akiinama ili macho yetu yalingane, na mimi nikatazama ngoma nyuma yake, nikasema, "Hapana, papa. Hakuna."

Nikapiga ngoma. Sitasema uongo kwamba nilisikia hofu wakati ule. Nilisikia raha ambayo sijaipata tena mahali popote, si siku ya harusi yangu, si siku nilipopata cheti cha sekondari. Madereva walitoka vibandani wakipangusa mikono, mmoja akasema, "Eh, huyu mudogo anapiga sana!" Mti ukainuka. Lori la kwanza la chumvi likaingia mlimani, la pili likafuata. Nilipogeuka kutazama barabara ya juu ili nimwone Yvette akifika na hasira zake, barabara ilikuwa tupu.

Nilikuwa na muda wa kusema. Nimeupima mara nyingi sana. Lori lililopakia chumvi hupanda polepole kama mtu mwenye mzigo kichwani; hata mtoto angeweza kulikimbilia na kuligonga ubavuni. Nilisimama na vijiti vya ngoma mkononi.

Baba alitoka ofisini anakimbia. "Nani ameleta fimbo? Mwalimu yuko juu! Mana we, Mungu wangu, mwalimu bado yuko juu!" Bihogo alikuwa amezibwa na foleni mbele na nyuma, kwa hiyo baba alipanda Ngazi kwa miguu. Sandali moja ilimtoka akaiacha. Sikuwahi kumwona baba akikimbia. Alikuwa mtu wa kutembea nyuma ya ng'ombe.

Kishindo hatukukisikia. Tulisikia honi. Ilianza na haikunyamaza. Ililia sauti moja, ndefu, kutoka mahali tusipopaona, mpaka wanawake wa vibandani wakaanza kujishika vichwa na mmoja akapiga magoti. Honi ile iliendelea kulia, kisha ikakatika ghafla, na tukasikia mbuzi na maji ya mto kana kwamba siku ilikuwa ya kawaida.

Mwalimu alikuwa amekata usukani kuelekea kwenye mwamba badala ya kwenye hewa. Ndiyo sababu wote watatu walibaki hai. Lakini lori lilimbana na mwamba, na miguu yake yote miwili ilivunjika. Mmoja haukupona kamwe. Baba alirudi amembeba Yvette mgongoni. Paji la uso la mtoto yule lilikuwa limefunguka, na damu yake imelowesha shati la baba hadi mkanda. Alikuwa anarudia neno moja tu: "Papa yangu. Papa yangu." Hakunitazama. Nilitamani anitazame, na niliogopa anitazame.

Mchana huohuo alifika bwana mkubwa wa barabara kutoka Uvira. Mama Yvette alisema wanadhani fimbo iliwadondoka chemchemini. Papa Ramazani alikuwa ameishika mkononi.

"Bwana, nimeipokea. Huyu mutoto ndiye aliniletea. Nikamuuliza, akaniambia nyuma hakuna mutu. Muulizeni yeye."

Wote wakanigeukia. Bwana mkubwa akachuchumaa mbele yangu, akasema kwa upole kabisa, "Sema, mutoto."

Ulimi wangu ulikuwa umekauka na kushikamana juu. Hilo ni kweli. Nilifungua mdomo na hakikutoka kitu.

"Mumuache!" mwanamke wa chai akapaza sauti. "Hamuoni mutoto ameshituka?" Akanifunika kitenge chake, akanipa chai yenye sukari nyingi kuliko nilivyowahi kuonja, na watu wakaanza kunihurumia mimi. Mimi! Walinipapasa kichwa wakipita. Nakumbuka joto la kikombe kile, na aibu ya kwamba kilikuwa kitamu.

Wakati huo walikuwa wanapekua nyumba ya Papa Ramazani. Kulikuwa na uvumi kwamba walinzi wengine huchonga fimbo ya pili, ili wawafungulie rafiki zao mapema. Hakuna aliyeniona nikimkabidhi fimbo, kwa hiyo walidhani ya kweli bado iko chemchemini na aliyoishika ni ya kuchonga. Nyuma ya nyumba walikuta mti aliokuwa anauchonga uwe mpini wa jembe. Urefu wake ulikuwa karibu sawa na wa fimbo.

"Na hii?"

"Ni ya jembe, bwana! Uliza bibi yangu! Fimbo iko moja tu!"

"Mzee iko na fimbo mbili," akasema dereva mmoja, na wachache wakacheka, kicheko cha watu wenye hofu. Wakampandisha gari. Alikaa wima kabisa, kofia mapajani. Alinitazama mpaka gari lilipokata kona, wala si kwa chuki. Alinitazama kama mtu anayesubiri.

Mshtuko wangu wa kweli ulidumu hadi jua lilipoanza kushuka. Kisha nilimwomba baba maji, kwa sauti ndogo lakini ya kawaida, na sote wawili tukaisikia. Ulimi ulikuwa umefunguka. Gari la bwana mkubwa lilikuwa halijafika mbali, na lori la kwenda Uvira lingetupeleka. Nikanywa maji, nikajifunika tena kitenge.

Asubuhi baba alinipeleka mtoni. Alinivua shati, akachuchumaa kwenye mawe, akalisugua kwa sabuni na mchanga. Fimbo ilikuwa imepakwa rangi upya wiki ile, na joto la mlimani lilikuwa limeilainisha. Kifuani pa shati ulikuwepo mstari mwekundu, ulionyooka kutoka bega hadi kiunoni. Kitenge kilikuwa kimeuficha tangu jana. Maji yakaenda mekundu, kisha ya waridi, kisha meupe. Baba alikuwa bado amevaa shati lake lenye damu ya Yvette iliyokauka. Alianza na langu.

"Vaa," akasema. "Litakauka njiani." Hakuniuliza kitu siku ile wala siku nyingine, na hakunichukua tena safarini.

Nilidhani ananitunza. Kwa miaka mingi nililikumbuka tukio lile la mtoni kama siku pekee ambayo baba alinifulia nguo, na lilinipa faraja, oneni ujinga wangu. Nilikuwa mtu mzima mwenye mtoto wangu nilipoelewa. Mwanangu alimjeruhi mtoto wa jirani kwa jiwe, na kabla sijajua ninafanya nini, nilikuwa nimelitupa lile jiwe chooni. Nilisimama pale mlangoni. Baba yangu, ambaye hakuweza hata kulidanganya lori, alichuchumaa kwenye mawe na kufuta ushahidi ambao ungemwokoa mtu asiye na hatia, kwa ajili yangu. Sikumnyamazia Papa Ramazani peke yangu. Nilimwingiza baba katika uongo ule, akaishi nao kimya hadi tulipomzika, na huenda alikuwa anasubiri nianze mimi kusema.

Nilikwenda Ngazi miaka kumi na moja iliyopita. Siku hizi kuna barabara pana, magari yanapishana bila kupunguza mwendo. Pembeni, kijana mmoja alikuwa anauza makaa. Nilimuuliza kama anamfahamu mlinzi wa zamani wa kizuizi, na uso wake ukafunguka.

"Mzee, si babu yangu huyo! Alikufa zamani. Mi ni mujukuu wa Fimbo Mbili. Sisi wote hapa wanatuita hivyo, ba Fimbo Mbili. Hata ku masomo niliandikishwa hivyo."

"Unajua jina hilo lilitoka wapi?"

"Aa, hapana. Jina ya ukoo tu."

Aliicheka shida yangu ya kuinama nilipochagua gunia, akanisaidia kulifunga. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kuja kusema sentensi tatu. Nilichukua makaa nisiyoyahitaji, nikamshukuru, nikapanda gari.

Sasa magoti hayaniruhusu tena safari ya namna ile, lakini mkono bado unaandika, na kuna watu wa upande ule wanaosoma. Mkimkuta mtu anayeitwa Fimbo Mbili, mwambieni hivi. Jina la babu yake lilikuwa Ramazani. Fimbo ilikuwa moja. Aliipokea kutoka mikononi mwangu, akaniuliza kama nyuma kuna mtu, nami nikamwambia hapana.