Gari la Ukoo Halisukumwi

Mumewe alipofariki, watu waliokuja kutoa pole walimkuta Mwalimu uani, amevaa nguo ya msiba iliyopigwa pasi, anamwelekeza dereva namna ya kuosha pikapu bila kugusa mlango wa kushoto. Mlango huo ulifungwa kwa waya, na waya ule haukupenda maji. Wengine walidhani huzuni imempanda kichwani. Hawakumjua. Mtu aliyeongoza shule ya wasichana mpaka siku ya kustaafu haachi kazi ilale kwa sababu ya huzuni. Huzuni itasubiri zamu yake.

Pikapu ile ilinunuliwa na baba mkwe wake, ikaendeshwa na mumewe, na sasa imemfikia yeye. Mita ya kilomita ilizunguka mpaka ikarudi kwenye sifuri, ikaanza upya, kisha ikaona ni upuuzi, ikasimama. Majirani waliiita Mstaafu, kwa kuwa ilikwisha kustaafishwa mara kadhaa na kila mara ikarudishwa kazini kwa mkataba. Rangi ilibaki mlangoni tu, palipoandikwa jina la ukoo, maana jina hilo Mwalimu alilipaka upya kila mwaka. Mtu akiiona kwa mbali aliona jina kwanza, halafu kutu.

Na kazi ilifanya. Ilibeba saruji, matangi ya maji, madawati ya shule, vitanda vya wapangaji waliohama kwa heri na vya waliohama kwa shari. Siku moja ilibeba jeneza la jirani, ikaenda kwa adabu hata watu wakasema bora ingekuwa inabeba maiti tu. Kwa gari hilo Mwalimu alikula, alimlipa dereva, na hakumpigia mtu hodi ya shida.

Asiyelitaka alikuwa shemeji yake, mdogo wa marehemu, aliyeitwa Mkurugenzi. Alikuwa mkurugenzi wa nini, hakuna aliyekuwa na hakika. Lakini kadi ya gari ilikuwa na majina ya ndugu wote wawili, kwa hiyo neno lake lilikuwa na uzito. Siku gari lilipozimika mbele ya benki, wachukuzi wawili na muuza ndizi walilisukuma, jina la ukoo likapita taratibu mbele ya dirisha la meneja. Bahati mbaya, ndani ya ofisi hiyo alikuwa ameketi Mkurugenzi, anaomba mkopo. Jioni akaitisha kikao cha familia.

"Shemeji, mimi nakuheshimu," alianza, na waliomfahamu wakajua heshima imeishia hapo. "Kaka aliniachia nikutunze. Hicho chuma tuwape wanunua vyuma chakavu, wewe uje kukaa kwangu. Nyumba mpya ina chumba cha nyuma. Kina dirisha."

"Dirisha linatazama wapi?"

"Linatazama ukuta. Lakini ni ukuta mzuri."

Mwalimu alivijua vyumba vya nyuma. Shangazi mmoja wa marehemu aliwekwa kwenye chumba cha namna hiyo. Aliingia akiwa na jina lake kamili, baada ya muda akawa "bibi wa kule nyuma", na chakula kilipomfikia kilikuwa kimekwisha kupita mikononi mwa kila mtu. Mwalimu hakuwa na nia ya kuwa bibi wa kule nyuma kwa yeyote.

"Kinachokuudhi ni gari au ni kusukumwa?" aliuliza.

"Kusukumwa! Jina la baba yetu linasukumwa na muuza ndizi."

"Basi tukubaliane hapa, mbele ya wote. Siku litakaposukumwa tena mbele za watu, liuze, nami nitafunga virago nije kuutazama ukuta wako mzuri. Lisiposukumwa, nisilisikie tena jambo hili."

Kikao kikaitika kwa pamoja. Mkurugenzi akatabasamu kama mtu aliyekwisha kulipwa. Alilijua gari lile vizuri.

Ubaya ulikuwa staata, kile kifaa cha kuiamsha injini. Fundi alikwisha kuifungua na kuifunga mpaka akachoka kuitazama.

"Mama, hii haina maisha. Nikutafutie ya mtumba."

"Imetoka kwenye gari la nani?"

"Nitajuaje, mama? Imetoka kwenye gari lililokufa."

"Limekufa kwa nini? Na lilikuwa la watu gani? Siwezi kutia ndani ya gari la ukoo huu kitu kisichojulikana kwao."

Fundi akamtazama dereva, dereva akatazama tairi.

Kwa hiyo gari likaanza kuishi kwa miteremko. Lilale kwenye mteremko, liamke kwenye mteremko. Likiachiwa breki lilijiviringisha lenyewe, dereva anatia gia ya pili, anaachia klachi, linakohoa na kuwaka, na hakuna mkono wa mtu uliolisogelea. Dereva aliijua kila ardhi iliyoinama mjini kama mlevi anavyojua baa, hata watu wakasahau jina lake wakamwita Mteremko. Mteja akipiga simu, Mwalimu hakuuliza uzito wa mzigo.

"Kwenu pamekaaje?"

"Pamekaa salama tu, Mwalimu, tunamshukuru Mungu."

"Nauliza ardhi."

Waliokaa tambarare waliambiwa kwa Kiswahili fasaha kwamba ratiba imebana. Waliokaa kilimani wakajiona watu maalumu. Panapo ulazima wa kwenda tambarare, injini haikuzimwa kamwe, na Mteremko alijifunza kusinzia huku mguu wake ukikanyaga mafuta. Alikuwa na mchumba, binti wa watu wazuri, lakini kwao palikuwa bapa. Kila alipokwenda alizungumza naye kupitia dirisha la gari, injini ikinguruma, mpaka binti akasema hawezi kuolewa na mtu ambaye hajawahi kumwona miguu.

Mambo yakaenda hivyo, Mkurugenzi akingoja kama paka mlangoni pa jikoni, mpaka siku ya sherehe ya nyumba yake mpya.

Lori alilolikodi kubeba viti halikutokea. Mkurugenzi, ambaye hakuona haya kulidharau gari wala hakuona haya kulitumia, akapiga simu asubuhi: shemeji aokoe jahazi, wakwe wanakuja. Na wakwe wenyewe hawakuwa wa kuchezea. Baba wa binti aliyeolewa na mwanawe alikuwa mzee mrefu mwenye fedha za kimya, asiyecheka ovyo. Mkurugenzi alimwogopa kuliko benki.

Mwalimu angeweza kukataa, lakini wageni kukosa viti ni aibu ya ukoo mzima, wala aibu haiulizi umetoka tumbo gani. Akavaa nguo yake ya heshima, akapanda mbele, mkoba mapajani.

"Tukifika, usizime."

"Sizimi, mama."

"Hata nikikwambia uzime, usizime."

Uwanja wa nyumba ile ulitandazwa vigae, bapa kama sinia. Barabara ya nje nayo ilikuwa bapa, tena mpaka upeo wa macho. Mteremko alipouona alikaza mguu juu ya mafuta. Walishusha viti, injini ikinguruma getini, na moshi, kwa kuwa hauna adabu, ukaingia kwenye turubai la wageni ukaketi mbele kabisa, pale walipo wakwe. Mama mmoja akafunika pua kwa kitambaa chake. Mzee mrefu akakohoa mara moja, na Mkurugenzi akaja mbiombio.

"Zima hilo dude. Hotuba yangu inaanza."

"Bosi, mama amesema..."

Mkurugenzi hakungoja. Akapitisha mkono dirishani, akazungusha ufunguo mwenyewe. Gari likatetemeka kidogo kama mtu anayetaka kutoa neno la mwisho, kisha likanyamaza. Mteremko akamtazama Mwalimu aliyekuwa ameketi chini ya turubai. Mwalimu alimwinulia kiganja taratibu, kumtuliza.

Hotuba ilikuwa ndefu. Mkurugenzi aliwashukuru wote waliomsaidia kujenga, na ikaonekana wote walikuwa yeye. Mwalimu alikula kidogo, akitafuna kama anayesahihisha mtihani wa mwanafunzi mbaya. Sherehe ilipofika mwisho, mzee mrefu akaaga, akaelekea kwenye gari lake lililong'aa. Lakini geti lilikuwa limezibwa na pikapu.

"Shemeji," Mkurugenzi akaita kwa sauti ya kufika mpaka viti vya nyuma, "mwambie huyo dereva awashe, mkwe wangu anataka kupita."

Mteremko akazungusha ufunguo. Gari likatoa kikohozi kimoja kikavu, kama mzee aliyeombwa mkopo. Akazungusha tena. Hata kikohozi hakikuja.

"Kwani kuna tatizo?" Mkurugenzi aliuliza kwa huruma iliyofanyiwa mazoezi. "Au tuwaite watu walisukume?"

Neno hilo la mwisho alilitamka polepole, kila mtu alipate. Ndugu waliokuwa kwenye kile kikao wakatazamana. Mama mdogo mmoja akanong'ona, "Yamekwisha." Mwalimu aliuona ukuta mzuri mbele ya macho yake, akauona na rangi yake.

Akasimama, akanyoosha nguo, akatembea bila haraka mpaka kwa mshereheshaji.

"Nipe hicho kipaza sauti, mwanangu."

Mshereheshaji alimpa kabla hajajua amempa. Mwalimu alikohoa kidogo, kama alivyokuwa akikohoa mbele ya wasichana wa shule nzima, na turubai likatulia.

"Ndugu zetu, na wakwe zetu wapendwa. Kabla hamjaondoka, limebaki jambo moja. Gari mnaloliona getini ni la baba wa mwenye nyumba hii. Ndilo lililobeba ukoo wetu ulipokuwa hauna kitu. Katika nyumba yetu, gari la wazee halitoki kwenye shughuli ya furaha kwa moto wa injini, kama gari la kukodi. Hutolewa kwa mikono ya watoto wake, kwa shukrani, na anayetangulia kuweka mkono ni mwenye shughuli."

Mwalimu hakuwa mtu wa kusema uongo. Alisema tu jambo ambalo lilikuwa bado halijapata nafasi ya kuwa kweli.

Mkurugenzi alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango. Akafungua kinywa aseme, na angesema, kama mzee mrefu asingesimama. Mzee alivua koti lake, akalikunja, akampa mkewe.

"Sisi watu wa siku hizi tumeacha kushukuru," alisema. "Mkwe wangu, hukuniambia kwamba ninyi ni watu wa namna hii."

"Ah," alisema Mkurugenzi. "Ndiyo. Tulitaka... iwe mshangao."

"Basi tangulia."

Akatangulia. Afanye nini? Aliweka mikono yake miwili juu ya bodi ya nyuma, suti nyeupe na yote. Kulia kwake akawa mkwe, kushoto mwanawe, nyuma yao wanaume wa pande zote mbili wakiwa wamevua makoti. Wanawake wakapiga vigelegele. Mwalimu alitembea pembeni na kipaza sauti, anatoa maelekezo kwa upole: "Polepole, ndiyo heshima hiyo. Sasa kazeni kidogo. Kazeni zaidi, shukrani haiji kwa kuguswaguswa." Likatoka getini, likashika barabara, wanaume wakitweta kwa ibada. Mteremko akatia gia ya pili, akaachia klachi. Gari likaruka, likalipuka, likawaka, na kumwaga moshi mweusi juu ya kila aliyelishukuru.

"Wazee wamepokea!" akapaza sauti mshereheshaji, ambaye ni mtu wa kazi, na mtu wa kazi hapitwi na nafasi. Watu wakapiga makofi. Mzee mrefu, uso umejaa masizi, alionekana akicheka.

Siku ya pili Mkurugenzi alifika kwa Mwalimu, ameshika kiuno.

"Shemeji, tusidanganyane. Lile gari lilisukumwa. Mbele za watu."

"Nani alilisukuma?"

Mkurugenzi akajikanda kiuno.

"Kama unasema lilisukumwa, shika simu. Mwambie mkwe wako kwamba mlimchafua bure, gari lilikuwa bovu. Akishakusikia, njoo uchukue ufunguo. Mimi virago vyangu ni vichache."

Mkurugenzi aliitazama simu kama inayouma. Akakaa, akaomba maji, akanywa yote.

"Alinipigia asubuhi," alisema mwishowe. "Anataka kujua hiyo mila ilianza lini."

"Ukamwambiaje?"

"Nimemwambia wewe ndiye unayejua zaidi."

Hilo lilikuwa neno la kwanza la kweli kumtoka kwa muda mrefu, na Mwalimu alimwongezea maji. Kabla mwezi haujaisha Mkurugenzi alirudi na kifurushi. Ndani mlikuwa na staata. Hakutaka kusukuma tena maishani mwake, hilo lilionekana wazi hata kwa namna alivyoketi.

"Imetoka wapi?" Mwalimu aliuliza.

"Kwenye gari la wagonjwa, lililostaafishwa."

Mwalimu akaifikiria asili hiyo. Ilikuwa imewahudumia watu. Akampa fundi ruhusa.

Tangu hapo gari liliwaka kwa ufunguo, popote, hata bondeni. Wateja wa tambarare wakapata nafasi kwenye ratiba, na Mteremko akamtembelea yule binti, akashuka garini, akaonyesha miguu. Lakini habari haina breki. Familia moja ya mtaa wa jirani ikatoa gari lake jipya kabisa kwenye harusi kwa kulisukuma, bibi na bwana harusi wakiwa ndani. Nyingine ikasukuma pikipiki. Wengine, wasio na gari, walikodi moja ili walishukuru.

Kisha mzee mrefu akafanya sherehe ya mjukuu, akaalika ukoo wote kwa adabu, na mwisho wa mwaliko akaomba: njooni na gari.

Walikwenda nalo. Jioni, watu walipoanza kuaga, Mteremko alipanda, na kwa mazoea mapya ya furaha akazungusha ufunguo. Gari likawaka mara moja, zuri, linanguruma kama la kijana. Mwalimu akageuka kutazama nyuma. Kwenye bodi walikuwa wamejipanga tayari, mzee mrefu katikati, mikono imewekwa, mikono ya mashati imekunjwa, nyuso zimetulia kwa heshima. Mkurugenzi alikuwa pembeni, ameweka kidole kimoja tu. Walisikia injini, wakaanza kutazamana.

Mwalimu akainama dirishani.

"Zima."

"Mama, limewaka. Mwaka mzima tumelilia liwake, na sasa limewaka."

"Nimeona, mwanangu. Zima. Kuna watu wamevua makoti."