Shosho alikataa kushuka garini kwenye bustani ya merry-go-round, na mimi nakataa kuomba msamaha

Wakuu, salamu kutoka Silver Spring, hapa Marekani. Ninayoyaleta hapa niliyaona kwa macho yangu, sijaongeza chumvi. Bado nina hasira, kwa hivyo mnivumilie nikiandika kwa ukali.

Mimi ni mama Mkenya, kazi yangu ni care aide, yaani kuhudumia wazee majumbani mwao. Namhudumia bibi mmoja Mmarekani mweusi, ameshapita miaka themanini. Binti yangu humwita Shosho, yaani nyanya, na mwenyewe amelizoea jina.

Kiangazi hiki fellowship yetu ya Wakenya wa huku ilifanya picnic kwenye ile bustani ya zamani ya michezo upande wa Maryland, karibu na mto Potomac. Wengi mnaijua. Rides nyingi, zile mashine za kupanda, ziling'olewa, lakini merry-go-round ya farasi wa mbao bado inazunguka na muziki wake.

Ilikuwa Jumamosi, siku yangu ya zamu, na kwetu huwezi kwenda kula nyama ukamwacha mgonjwa wako nyumbani. Familia yake ikakubali, nikamchukua.

Tulipoegesha gari tu, Shosho akasikia ule muziki. Akakataa kushuka.

Nikadhani ni goti. Kumbe sivyo.

Aliniambia kwamba akiwa mtoto baba yake alikuwa akipita hapa na gari. Yeye na dada yake wakisikia muziki, wanaomba wapelekwe. Baba anajibu, "Leo wamefunga." Kila mara, wamefunga. Na watoto wanawaona wenzao weupe juu ya farasi.

Hawakuwa wamefunga. Weusi hawakuruhusiwa kupanda.

Wakuu, nimempiga mtoto wangu picha za birthday pale na sikujua. Ilibidi wanafunzi weusi wakae juu ya wale farasi mpaka polisi wakawakamata, na majirani wazungu kadhaa waandamane nao getini, ndipo wenye bustani wakafungulia watu wote. Wakati huo Shosho alishakuwa msichana mkubwa. Hakuwahi kurudi.

Nikambembeleza, akashuka, akaketi nasi mezani. Nikawasimulia wenzangu.

Mwenyekiti wetu, mzee niliyekuwa namheshimu sana, akasema kwa Kiswahili huku akitafuna mbavu, "Hawa nao hupenda kulilia mambo ya zamani. Sisi tulikuja na visa zetu. Hayo hayatuhusu."

Watu wakacheka.

Shosho akaniuliza, "What did he say?"

Ningeweza kumwambia anasifu chapati. Ndivyo tunavyofanya wote mbele ya watu wasiojua lugha yetu. Lakini huyu mama alishadanganywa vya kutosha kwenye bustani hii, hata kama ilikuwa kwa upendo. Nikamtafsiria neno kwa neno, mwenyekiti akisikia.

Hakupandisha sauti. "Ask him if anybody stopped him at the gate today." Yaani nimuulize kama leo kuna mtu aliyemzuia getini.

Mwenyekiti akarudi kwenye mbavu zake.

Binti yangu, ambaye Kiswahili anasikia lakini hujibu kwa Kiingereza, akamshika Shosho mkono. "Shosho, it's open. Let's go." Pamefunguliwa, twende. Goti halikumruhusu kupanda farasi, kwa hivyo wakaketi kwenye benchi lililo katikati ya farasi, likawazungusha. Mimi nilisimama nje nikilia, na haikuwa furaha tupu.

Sasa kwenye WhatsApp group wanataka niombe msamaha kwa kumwaibisha mzee mbele ya mgeni, la sivyo nitolewe kwenye kamati ya akina mama. Eti mgeni. Yule amezaliwa hapa, sisi tumekuja juzi.

Siombi.

Nilichojifunza ni kwamba haya mageti tunayopita kifua mbele, kuna watu walifungwa pingu ili yafunguliwe. Baadhi yao bado wapo, ndio hawa tunaowaogesha na kuwalisha kila siku. Kuwacheka kwa lugha wasiyoijua, huku mnakula meza moja, ni ushenzi.

Leteni maoni, hata nyinyi mnaoona nilikosea. Ila Jumamosi msinitafute kwenye kikao cha kunijadili. Shosho ameniuliza kama siku hiyo watakuwa wamefungua.

Nimemwambia watakuwa wamefungua, na nitampeleka.