Chumvi kwenye Mzeituni wa Teta

Nilipokuwa mtoto tuliishi Al Qusais, mtaa wa Dubai, na Mama alifanya kazi za ndani kwa jirani wa ghorofa ya juu, aliyemwita madam. Nikitoka shule nilimfuata huko. Aliyenifungulia mlango ni mama yake madam, ajuza wa Kilebanoni tuliyemwita Teta, yaani bibi. Alikuwa ameshanimenyea chungwa kabla sijavua viatu.

Teta alizaliwa katika mji wa wakulima juu ya kilima, bahari ya Mediterania ikionekana chini. Alisimulia kwa Kiarabu chepesi, nami nikamfasiria Mama. Wazee wake walikwea huko kuwakimbia askari wa kodi. Walikuta mawe matupu. Wakajenga kuta, wakabeba udongo kwa vikapu, wakapanda mizeituni. Baadaye wajukuu wakaondoka mmoja mmoja, nyumba zikafungwa. Yeye aliondoka na chipukizi, ambalo sasa lilikuwa mti wa kimo changu, kwenye chungu pale roshani.

Siku moja Mama akipiga deki alisema, "Jamani, mti umenawiri huu! Sijaona mfano wake."

Hakusema mashallah. Nilipomfasiria Teta, aliugusa mti haraka, akatabasamu kidogo. Wiki ileile majani yakaanza kupukutika.

"Ni jicho langu, mwanangu," Mama alininong'oneza jikoni. "Madam akijua, kazi sina."

Kwetu Tanga jicho huvunjwa kwa chumvi. Mama akachukua chumvi ya mawe, akaizungusha juu ya mti huku akiomba, akaifukia shinani, akamwagia maji. Akafanya hivyo kila asubuhi. Mti ukakauka.

Madam alifoka. "Umeutia nini mti wa mama yangu? Si wewe unayeumwagilia?"

Mama aliinamisha kichwa. Teta akachota udongo kwa kidole, akauonja. Akamtazama Mama, akanitazama mimi.

"Khalas, yatosha, binti yangu," alimwambia madam. "Ni joto la Dubai. Mizeituni yetu inataka baridi."

Kisha akaenda kutuchemshia chai.

Leo nina mtoto wangu, na siamini tena kwamba sifa ya mtu mwema inaweza kuua mti. Lakini aibu ya siku ile haijanitoka. Teta alikuwa amefiwa na kitu cha mwisho cha kwao, na bado yeye ndiye aliyetutuliza sisi. Mama hakujua Kiarabu cha kuomba radhi. Mimi nilikijua. Nilikaa kimya nikanywa chai, naye akaniongezea sukari.