Soli za Mheshimiwa

Zamani mtu aliyetaka ubunge alipita nyumba kwa nyumba kwa miguu yake mpaka viatu vikamlilia. Siku hizi anachomoza kwenye paa la gari kama kobe, anapunga mkono, na sisi ndio tunaomkimbilia.

Katika zamani hiyo, kwenye kona ya soko mkabala na posta, alikaa fundi viatu tuliyemwita Kisigino. Halikuwa jina la dhihaka. Ukimpa kiatu hakukutazama usoni. Alikigeuza, akatazama kisigino, ndipo akakupa habari zako. "Wewe bwana, siku hizi unauonea mguu wa kushoto." "Wewe dada umebadilisha njia ya kazini, changarawe hii si ya huku." Mkewe alikaa upande wa pili wa benchi akishona ngozi kwa shazia, na kazi yake nyingine ilikuwa kumkosoa mumewe.

"Muongo mkubwa," alizoea kusema bila kuinua kichwa. "Njia si amekwambia mwenyewe jana?"

Mimi nilikuwa mpagazi pale sokoni. Kusoma nilijifunzia kwenye benchi lile, kwa magazeti makuukuu ambayo Kisigino aliyasokomeza ndani ya viatu visipoteze umbo. Nilipozimudu herufi nikawa nawasomea wote wawili, habari zimekunjamana na nyingine hazina mwisho. Nilimwita mama yule shemeji, na shemeji akawa kweli.

Wiki ya mwisho kabla ya kura, kila mgombea alileta pale viatu alivyopigia kampeni. Sheria haikusema hivyo; ulianza mzaha, ukawa desturi. Kisigino alivipanga soli juu, watu wakakusanyika, na mmoja akauliza, "Fundi, huyu amefika?" Yeye alijibu amefika au hajafika, basi. Nani apigiwe kura hakusema. Mgombea mmoja mwenye mdomo wa asali aliambiwa hajafika hata kwa jirani yake. Alicheka pamoja nasi, na kesho yake tukamwona vichochoroni anabisha hodi. Ungwana huo umezikwa, na waliouzika hawakututangazia matanga.

Mbunge wetu wa sasa alianzia kwenye benchi hilo. Alikuwa mwalimu mwembamba, viatu vimetoboka mpaka soksi zinapumua. Kisigino alivishika kwa mikono miwili. "Huyu amefika," akasema, "na kurudi pia amerudi kwa miguu." Tukampa kura. Naye hakusahau, wakati ule: aliandika barua kwa mkono wake kwamba benchi la fundi lisiguswe. Shemeji aliihifadhi ndani ya kopo tupu la rangi ya viatu.

Mwaka huu anaomba kipindi cha tatu. Soko linajengwa upya, na tumeambiwa barua ya zamani imepitwa na wakati. Mabenchi yote ya kona yaondoke, isipokuwa la mtu mwenye kibali kipya kutoka ofisi ya mbunge. Shemeji alikonda kwa jambo hilo. Magoti ya mumewe yalikuwa yameshamgomea. Hangeweza kuanza upya mahali ambapo hakuna anayemjua. "Mwaka huu," alimwambia mbele yangu, "ukiulizwa amefika, sema amefika. Neno moja tu, baba. Halitakuvunja jino."

Nami, mwenye kusoma magazeti, nikamwambia, "Ndugu yangu, usiuze neno lako." Ilikuwa rahisi kusema. Benchi halikuwa langu.

Wiki iliyopita akaja mpambe wa mbunge, na mpiga picha nyuma yake.

"Shikamoo mzee. Mheshimiwa anasema desturi idumu. Viatu hivi hapa, amezunguka navyo jimbo zima."

"Marahaba."

Kisigino akavigeuza. Soli zilikuwa zimelika vibaya. Watu wakasogea.

"Tamka basi, mzee, picha inasubiri." Mpambe akagonga mfuko wa shati. "Na kibali chako kimo humu, kina sahihi tayari."

Shemeji akakohoa. Kisigino alipitisha dole gumba juu ya soli, akarudia, kama kipofu anayetafuta uso wa mtu.

"Mwanangu," akasema, "mtu akitembea, kisigino huanza kuisha upande wa nje. Hizi zimeisha sawasawa kama meza. Hizi zimepigwa msasa. Tena msasa wa seremala."

Watu wakaangua kicheko. Nilimtazama shemeji nikidhani atalia. Alikuwa amekichukua kiatu cha pili, anakikunja kwa vidole, na uso wake ulikuwa uso wa fundi aliyetukanwa.

"Na ngozi ya juu haina mkunjo hata mmoja," akadakia. "Mguu haujaingia humu. Mngempa hata dereva avivae siku mbili!"

Mpambe hakucheka. "Kwa hiyo amefika au hajafika?"

Kisigino akamtazama mkewe. Mkewe akarudisha kiatu juu ya benchi, taratibu.

"Viatu vimefika," Kisigino akasema. "Mwenyewe bado."

Mpambe alikusanya viatu, akafunga kifungo cha mfuko wa shati, akaenda zake. Kicheko kikakatika. Watu wakatawanyika mmoja mmoja kama vifaranga walioona kivuli cha mwewe. Nami, niliyemtia mwenzangu ujasiri tangu asubuhi, nikakumbuka kwamba nina shughuli.

Kura ni Jumapili. Mahali pa benchi sasa pana bango la mheshimiwa, meno yote nje.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa juzi asubuhi. Walikuwa wameshapakia mkokoteni: benchi, kalibu za mbao, chuma cha kugongea, kopo la barua. Walikuwa wanahamia kwa dada yake shemeji. Nikawapa gazeti la siku hiyo.

"Jipya hili, shemeji," mama yule akasema. "Sasa nani atatusomea?"

Akalikunja, akalisokomeza chini ya kamba ya mzigo. Mwenye mkokoteni akavuta. Kisigino akafuata nyuma, mkono mmoja juu ya benchi lake, magoti yakimsumbua. Miaka yote ile sikuwahi kutazama viatu vyake mwenyewe. Vilikuwa vimelika upande wa nje, vyote viwili.