Kipimajoto Mdomoni mwa Tessa

Rosalee Marek hakuwahi kuandika namba ya uongo kwenye faili la mgonjwa. Miaka thelathini na mmoja alikuwa nesi wa wodi ya uzazi katika hospitali moja ndogo ya Texas, ile ya matofali mekundu nyuma ya kinu cha pamba, na hakuna aliyewahi kumkuta amekisia. Kipimo kikisema hivi, anaandika hivi. Nusu ya watu wa mji ule aliwapokea kwa mikono yake, akawapima uzito, akawafunga utepe mguuni, na sasa walikuwa wanamletea watoto wao. Alikuwa mjane, mnene, mwenye sauti nzito, na mpishi wa vile vimkate vya Kicheki vyenye mbegu tamu katikati ambavyo parokia nzima ilivigombania baada ya misa. Mdomo wake nao! Akikusema umesemwa, na huna pa kwenda kukata rufaa.

Mdogo wake, Alvin, ndiye aliyebaki na ranchi ya baba yao. Ng'ombe sabini, kisima kimoja, geti moja lenye minyororo miwili. Huyu bwana alikuwa na ugomvi na serikali tangu ujana wake. Kwenye mfuko wa shati hakuweka sigara wala simu, aliweka kijitabu cha katiba ya nchi, kimechakaa mpaka jalada limefungwa kwa gundi ya karatasi. Siku watu wa wilaya walipokuja kufunga mita kwenye kisima chake, kutaka kujua tu anavuta maji kiasi gani, aliwasimamisha getini juani akawasomea kijitabu kile nusu saa nzima, mpaka mmoja wao akaomba ruhusa ya kwenda kukojoa.

"Hiki kisima ni cha baba yangu," aliwaambia. "Serikali haina cha kupima ndani ya uzio wangu. Rudini mlikotoka."

Wakarudi. Kisa hicho alikisimulia kila Krismasi, na kila Krismasi ile nusu saa ilirefuka.

Na ni Alvin huyohuyo, tusifichane, ambaye kila Oktoba alisimama na bango kando ya barabara kuu kuitaka serikali ipige marufuku kutoa mimba. Rosalee alisimama pembeni yake, miaka kumi na miwili, na chupa ya kahawa kwapani. Majaji wa Washington waliposema katiba haimlindi tena mwanamke katika jambo hilo, kila jimbo liamue lenyewe, na Texas ikapiga marufuku, Rosalee alioka sinia nne za vimkate. Aliamini kabisa kwamba sheria ile iliwahusu watu wengine, wasichana wa mijini asiowajua.

Ajabu ni kwamba yeye, kati ya watu wote, ndiye aliyepaswa kujua. Alishawauguza wanawake wanne ambao chupa ya uzazi iliwapasukia mimba ikiwa na miezi minne. Mtoto wa umri huo hana maisha nje, maji yakishatoka yametoka, na mama akiachwa hivyohivyo uchafu unaingia kwenye damu. Zamani daktari aliimaliza mimba ile siku hiyohiyo. Mama alilia, akapewa supu, akarudi kwake akiwa hai. Rosalee hakuwahi kuiita kazi hiyo kutoa mimba. Aliiita kumhudumia mgonjwa.

Basi Alhamisi moja ya Agosti, saa moja asubuhi, aliingia zamu akamkuta kitandani Tessa, binti pekee wa Alvin, mimba ya wiki kumi na saba, shuka limelowa. Mumewe alikuwa kazini kwenye mitambo ya mafuta huko Ghuba ya Meksiko, asingefika kabla ya keshokutwa. Alvin ndiye aliyemleta kwa gari lake la mizigo, na sasa alikaa kwenye kiti cha kona, kofia kaivua, amebana kikombe kikubwa katikati ya magoti.

"Shangazi," Tessa alisema, "niambie ukweli. Bado yupo?"

"Moyo wake unapiga, mwanangu. Lakini maji yamekwisha."

Tessa akageukia ukutani. Rosalee ndiye aliyemzalisha mama yake msichana huyu, na ndiye mtu wa kwanza duniani kumshika. Alitoka pale akaenda moja kwa moja kwa Daktari Ibarra, akamkuta ameshika simu, uso umempauka.

Upande wa pili wa simu alikuwa mwanasheria wa hospitali, aliyekaa mji mwingine kabisa na hajawahi kupokea hata ndama. Alikuwa na karatasi yake. Moyo wa mtoto ukisimama, daktari aendelee. Mama akitoka damu nyingi, aendelee. Mama akipata homa, yaani kipimajoto kisome mia na nukta nne kwa vipimo vya Kimarekani, ambavyo mtu mzima wa afya husoma tisini na nane na ushee, aendelee. Kinyume cha hapo asiguse, maana mwendesha mashtaka anaweza kumpeleka jela maisha.

"Kwa hiyo tunamsubiri augue?" Rosalee aliuliza kwa sauti ya kusikika mpaka kwenye simu.

"Tunamwangalia kwa karibu," simu ilijibu.

"Wewe unamwangalia kwa karibu ukiwa wapi? Hebu njoo basi umwangalie!"

Daktari Ibarra akafunika simu kwa kiganja. "Rosalee, nina watoto wawili. Nikifungwa mimi, wodi hii inafungwa na mimi. Mpime kila saa. Ikifika tu, niite, nitakuja mbio."

Hivi watu wazima, waliosoma, waliofunga tai, walikaa mezani wakaandika kwamba mwanamke mzima asitibiwe mpaka aoze kidogo! Na wakaandika aoze kiasi gani, kwa nukta! Jamani, hata Alvin ng'ombe wake akikwama hivyo haombi ruhusa kwa mtu. Anakunja mikono ya shati.

Saa mbili Rosalee akapima. "Umekunywa kitu chochote?"

"Hapana, shangazi."

Tisini na tisa. Akaandika. Saa tatu, swali lile, jibu lile, tisini na tisa. Saa nne, tisini na nane na ushee. Alitafuta hospitali ya kumpokea nje ya jimbo, ya karibu ikawa mwendo wa saa kumi kwa gari, na dereva wa gari la wagonjwa akasema yeye hambebi bila karatasi ya mwanasheria. Saa sita Tessa alianza kutetemeka. Mapigo ya moyo wake yakapanda mia na kumi, mia na ishirini. Rosalee akamwita daktari, daktari akampigia mwanasheria, mwanasheria akasema mapigo hayamo kwenye karatasi.

"Andika mia na moja," Daktari Ibarra alimnong'oneza koridoni, machozi yanamlenga. "Andika tu."

Rosalee aliinua kalamu. Haki ya Mungu aliinua. Lakini mashine za siku hizi hujihifadhia zenyewe kila zilichosoma, namba na dakika, na yeyote atakayelifungua faili hilo kesho ataona. Angemtia daktari jela badala ya kumwokoa. Akaishusha kalamu, na akajichukia kwa kuishusha.

Saa nane alikwenda kumpima tena. Kabla ya kutoa kipimajoto alimwekea Tessa kiganja kwenye paji la uso, kama wafanyavyo mama wote, na kiganja kikaungua. Akampima. Tisini na tisa. Akabadilisha betri. Tisini na nane na nukta nane. Akaleta kipimajoto kingine, kikasema vilevile.

"Hiki kitu kinanitania," alisema. "Tessa, fungua mdomo. Fungua kabisa."

Juu ya ulimi kulikuwa na kipande cha barafu, kimebaki kama punje ya mahindi.

Rosalee aligeuka polepole. Alvin alikuwa kwenye kiti chake cha kona na kile kikombe. Siku nzima yeye alidhani ni chai ya baridi ya mdogo wake, maana Alvin na chai yake hawaachani.

"Ni nini hicho?"

"Barafu tu, dada. Mtoto kinywa kimemkauka. Tangu utoto anapenda kutafuna. Nimekuwa nikimletea kutoka kwenye mashine ya koridoni."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu tumekuja."

"Nimekuuliza kila saa kama umekunywa kitu, Tessa!"

"Sijanywa, shangazi," Tessa alisema, meno yanagongana. "Nilikuwa natafuna tu."

Na kweli. Kwao huko barafu si kinywaji. Watu wanatafuna barafu kanisani, kwenye gari, kwenye simu, wala hakuna anayehesabu kwamba ametia kitu mdomoni. Rosalee mwenyewe hutafuna. Miaka thelathini na mmoja, na hakukumbuka kuuliza. Zamani kosa hilo lisingedhuru mtu, kwa sababu zamani daktari alimtazama mgonjwa. Sasa kilichotazamwa ni namba.

Akamwaga barafu yote kwenye sinki na kusimama robo saa akiitazama saa ya ukutani, mdomo wa Tessa upate kurudia joto lake. Kisha akapima. Mia na tatu na nukta moja.

Daktari Ibarra alikuja mbio kama alivyoahidi. Lakini homa ile haikuanza muda huo. Ilikuwepo tangu asubuhi, imefichwa nyuma ya vipande vya barafu, na uchafu ulishaingia kwenye damu. Tessa alitoka chumba cha upasuaji saa kumi na mbili jioni akiwa hai. Mfuko wa uzazi haukutoka naye. Alikuwa na miaka ishirini na sita, na alishachagua majina ya watoto watatu.

Alikaa wiki mbili wodini, kisha wakamleta ranchi. Siku ya tatu Rosalee alikuwa jikoni kwa mdogo wake anakoroga supu. Alvin aliingia, akasimama karibu na jokofu. Alikuwa amekonda.

"Dada, ni barafu yangu?" aliuliza. "Ni mimi?"

Rosalee angeweza kumwambia hapana na kumkumbatia. Hasira haikumruhusu.

"Barafu haikutunga sheria, Alvin."

Alvin akatoa kijitabu kwenye mfuko wa shati na kukiweka mezani kati yao. "Nimekisoma chote tena. Mstari kwa mstari. Natafuta walipoandika kwamba serikali ina haki ya kukaa kwenye mdomo wa mwanangu na kipimajoto, ingoje. Hakuna. Hakuna mahali, Rosalee."

"Najua hakuna."

"Sasa waliingiaje?"

"Waliingiaje! Unaniuliza mimi waliingiaje?" Rosalee alitupa mwiko kwenye sufuria. "Kisimani pako uliwazuia, kwa ajili ya maji ya ng'ombe. Huku uliwafungulia geti mwenyewe, kila Oktoba, na bango mkononi. Na mimi nilikuwa nimesimama hapohapo nakumiminia kahawa! Usidhani najitoa. Sijitoi."

Kijitabu kilibaki mezani, na wote wawili hawakukigusa. Supu ikaanza kushika chini.

Sauti ya Tessa ikatoka chumbani, nyembamba, imekauka. "Baba? Naomba maji."

Alvin akageuka haraka, mkono ukaenda wenyewe kwenye mlango wa friza.

"Maji tu, baba," Tessa alisema. "Usiweke barafu."