Nilichomnyima Mrefu wa Chwaka

Nilikuwa nimecheza mpira wa kikapu miaka sita, na kichwa changu kilikuwa hakijapita bega la mwenzangu yeyote. Shule niliishia darasa la saba. Kusema mbele za watu siwezi mpaka leo, lakini nikiudunda mpira karibu na ardhi hapana aliyeweza kuninyang'anya.

Kocha wetu alituambia kuwa timu moja ya wanawake ya Dar es Salaam, inayowalipa wachezaji mshahara, itatuma mtu aje kuchagua mchezaji mmoja. Mmoja tu. Nikaona huyo ni mimi, na nyumbani mama naye akaona hivyo hivyo.

Wiki ile ile kocha akaja na msichana kutoka Chwaka, mrefu hata mlangoni huinama. Kwao wanalima mwani, na viganja vyake vilikuwa vimepasuka kwa kamba na chumvi. Mpira wa kikapu alikuwa hajapata kuushika.

"Mfundishe," kocha akaniambia.

"Naam."

Zaidi ya hilo sikuweza kusema.

Nikamfundisha kila siku baada ya alasiri, kwenye kiwanja cha saruji karibu na majumba ya Michenzani. Wanawake waliokaa pembeni walitucheka.

"Leo mnazi umefuatana na mchaichai," mmoja akasema.

"Mchaichai ndio unaotia harufu chai, bibi zangu," yule msichana akajibu. "Mnazi kazi yake kukwewa tu."

Nilicheka, nikampenda. Hata hivyo kuna jambo nililinyamazia. Akidaka mpira aliushusha mpaka kiunoni kabla ya kurusha, na mpira ukifika hapo ni wa mfupi. Ningemwambia neno moja tu, usiushushe. Miezi mitatu sikulisema.

Siku ya kuchaguliwa, mgeni wa Dar es Salaam alitupanga wawili wawili, mimi nimzuie mrefu. Mara nne alidaka, mara nne nikampokonya. Wale wanawake wakapiga vigelegele. Mara ya tano hakuufuata tena mpira. Alisimama akinitazama.

Mgeni akamchagua mrefu. Akamwambia kocha, bila kupunguza sauti, "Hili la kushusha mpira ataliacha kwa wiki moja. Huyu mwengine nitamrefusha kwa kitu gani?"

Kocha akanigeukia. "Miezi mitatu hukuliona hilo?"

Nikatazama saruji.

Nilipokuwa nafungua viatu, mrefu akaja akachutama mbele yangu.

"Ulikuwa unajua?"

"Nlikuwa nnajua."

"Mie nlidhani hii nafasi huitaki. Hukusema hata siku moja. Ungesema, nsingekuja."

Akainuka, akenda kuandikwa jina.

Wiki iliyofuata alipanda boti, nami sikwenda kumuaga. Mazoezini naendelea kwenda. Kocha huwafundisha wachezaji wapya mwenyewe sasa, na mimi hunituma kuokota mipira.