Mapindi ya Kawa

Kwetu Ziwani, nyoka akijiviringa, kila mviringo wake tunauita pindi. Kamba nayo ina mapindi. Kawa, kile kifuniko cha chakula, ni ukili mmoja mrefu, utepe wa majani ya mkindu yaliyosukwa, ulioshonwa pindi juu ya pindi, kuanzia kitovuni.

Shangazi yangu ndiye aliyenifundisha kulishona. Alikuwa na vidole vizuri na roho mbaya. Nilipokosea karibu na kitovu aliona, akanyamaza. Aliniacha nishone hadi pindi la mwisho, kisha akakata uzi, akavuta, ukili wote ukanirudia mapajani kama utumbo wa mbuzi.

Leo binti yangu anashona kawa lake la kwanza. Amekosea pindi la pili. Ananiuliza kama anakwenda sawa.

"Vizuri sana, mwanangu," namwambia. "Endelea."